Nani Kakupiga?

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano ya wiki ya kumi, nilisikia mwenzangu wa kitanda cha juu anashuka ngazi. Akafika chini. Kimya. Halafu: "Mungu wangu! Wee, nani kakupiga?"

Nilitaka kumtazama, nikashindwa. Jicho la kulia halikufunguka kabisa. La kushoto liliacha upenyo wa kupitisha sarafu tu. Nikapapasa simu chini ya mto, nikafungua kamera, nikajiona. Ngozi ya juu ya macho yote mawili ilikuwa imejaa maji, inang'aa, kama maandazi mawili yaliyoumuka kupita kiasi. Na pembeni mwa maandazi hayo zilikuwa zimesimama, safi kabisa, zimejikunja kwa mpangilio, kope zangu mpya za shilingi 15,000.

Hakuna aliyenipiga. Nilibandikwa kope, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Saa nne asubuhi hiyo nilikuwa na prizentesheni ya kundi, maksi 15 kati ya 40 za kozi waki. Wenzangu walinipa nifungue mimi kwa sababu, eti, nina sura ya kusimama mbele za watu.

Kwa wasiojua (na najua kuna wanaume mnasoma hadi hapa kwa umbea tu), kope hizi si zile za ukanda mmoja unaobandika asubuhi na kubandua usiku. Hizi ni vinyuzi vinavyobandikwa kimoja kimoja, au kwa vishada vidogo, juu ya kope zako za asili. Vinakaa wiki mbili, tatu, mpaka kope zako zenyewe zianguke navyo. Kinachovishika ni gluu ya ukoo uleule wa supa gluu ya fundi viatu, sayanoakrileti kwa jina la kitaalamu. Gluu hiyo hukauka inapokutana na unyevu, hata ule wa hewani tu, ndiyo maana inashika haraka vile. Na inapokauka inatoa mvuke unaowasha macho. Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni bei.

Bei za saluni za mjini zilinishinda. Ila hosteli kwetu tunaye Dada Kope. Sio jina lake, ndivyo bloku nzima inavyomwita. Anakaa vyumba vitatu kutoka changu, tuko kozi moja, tulijuana kwenye foleni ya usajili mwaka wa kwanza, yeye akiwa na kalamu na mimi sina. Hana mkopo wa bodi. Alikata rufaa, hakupata. Ada anailipa kwa kope. Kitanda chake ndiyo saluni, taa ya kusomea ndiyo mtambo, vifaa anafuata Kariakoo. Unalala pale saa moja na nusu macho yamefumbwa, feni imezimwa kwa sababu upepo unapeperusha vinyuzi, na dirisha limefungwa kwa sababu hiyohiyo. Dar, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Fikiria mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na sikusikia chochote. Nilitembea kampasi kama nimeinunua. Mara ya pili, mwezi wa tatu, macho yaliwasha siku mbili na pembeni pakawa pekundu. Sikumwambia. Alikuwa anadaiwa awamu ya pili ya ada, nikaona si utu kumpelekea habari za muwasho. Nikajisemea urembo una gharama zake. Mara ya tatu ndiyo hii, Jumatatu jioni, bumu limeingia Ijumaa. Ananibandika huku anakohoa, mimi machozi yananitoka, tunacheka. Jumanne mchana muwasho ukaanza. Jumanne usiku nikawa najikuna usingizini.

Sasa turudi Jumatano. Mtu akivimba macho hosteli, bloku nzima ni madaktari. Wa kwanza alikuja na taulo na maji ya moto: "Kanda, damu itembee." Nikakanda. Kweli damu ilitembea, ikaja yote machoni. Dakika chache tu na muwasho ulikuwa mara mbili. Wa pili alileta chumvi, tukamkatalia. Wa tatu alishika kichupa cha kutolea rangi ya kucha, akasema kinayeyusha gluu yoyote duniani. Mwenzangu wa kitanda cha juu akamtoa mlangoni: "Hiyo ni asetoni, unataka apofuke?" Shangazi, niliyempigia kwa siri ili mama asijue, akasema dawa ni maziwa ya mama. Nikamuuliza, "Shangazi, hosteli ya wasichana nayatoa wapi maziwa ya mama?" Akajibu, "Hapakosi."

Mimi mwenyewe nikaja na ujinga wangu. Nilishika kishada kimoja cha pembeni nikavuta. Kilitoka, na kope zangu za asili tatu zimeshikamana nacho, kila moja na kichwa cheupe cha mzizi. Maumivu yalishuka hadi kwenye meno. Nikaacha.

Mwishoni akaja dada wa ghorofa ya tatu na chupa ya dawa ya matone. Kaka yake alipewa alipougua macho mwaka jana, ikabaki nusu. Niliweka tone moja kila jicho. Ilipoza. Nikaitia chupa mfukoni.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyekisema, na mimi pia sikukisema. Kila aliyeingia alijua kope zile ni kazi ya nani. Vyumba vitatu tu. Hakuna aliyesema twende tukamwite. Nilivaa miwani ya jua, nikapita mbele ya mlango wake kwa kunyata.

Kafeteria kuna mama anayetupikia chapati na supu, namjua tangu mwaka wa kwanza. Aliniangalia nikihangaika kuona chenji yangu, akamwachia msaidizi wake mwiko. "Mwanangu, njoo huku." Tukaenda nyuma, penye mapipa ya maji. Akaivua miwani yangu taratibu, kama anamvua mtoto kofia. Hakushtuka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ni yule kijana mrefu unayekuja naye?"

Nilicheka, na kucheka kukaniuma. "Hapana mama, jamani. Ni kope. Nimebandikwa kope."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. "Sawa. Mimi nilikuwa nasema nimeteleza bafuni. Nimeteleza miaka sita." Akachana kipande cha boksi la mafuta, akaandika namba yake ya simu, akanifumbatisha mkononi. "Hata usiku. Usione haya."

Nilisimama pale sijui niseme nini. Nilikuwa nasema kweli, na kwa masikio yake kila neno la kweli lilikuwa uongo uleule aliowahi kuusema yeye. Nikamshukuru. Ningefanya nini kingine?

Prizentesheni sitaielezea sana. Slaidi ya kwanza niliisema kwa kichwa kwa sababu sikuiona. Lekchara akaniambia nivue miwani, darasani si ufukweni. Nikavua. Watu 80 wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu semesta ianze. Mzee yule akafunga daftari lake la maksi, akasema, "Kaa chini, mwanangu. Halafu usikae, nenda dispensari. Maksi zako hazikimbii." Nikiwa natoka nilimwona Dada Kope safu ya nne. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari, haandiki.

Dispensari nilikuwa naikwepa kwa sababu moja tu: niliogopa kusemwa. Nilishayasikia maneno yenyewe kabla hayajatamkwa, mabinti wa siku hizi na mambo yenu. Daktari aliyekuwa zamu, mama wa makamo, hakunisema. Aliuliza maswali kama anajaza fomu. Jicho moja au yote mawili? Yanawasha au yanauma? Yalianza saa ngapi baada ya kubandikwa? Ilikuwa mara ya ngapi? Mwanga unaumiza? Kuna usaha? Akanisimamisha mbele ya chati ya herufi, nikafungua kila jicho kwa vidole na kusoma. Akaweka tone la rangi ya njano na kumulika kwa taa ya bluu kutazama kama konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kimechubuka. Kilikuwa salama.

Halafu akanifafanulia, na hapa ndipo nilipojuta kwa siku zote nilizokaa kimya. Akasema macho yakivimba baada ya kope, kuna njia tatu zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni mvuke wa gluu kuyachokoza tu. Hiyo huanza palepale, macho mekundu, machozi, na kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Ya pili ni maambukizi, ambayo mara nyingi huanza na jicho moja, kuna usaha, panauma zaidi ya kuwasha. Ya tatu ni aleji, na hiyo ndiyo yangu. Aleji ya namna hii haiji mara ya kwanza. Mwili unakutana na gluu, unaisoma, unaikariri. Unakutana nayo tena, unanung'unika. Siku unapoamua kukataa, uvimbe unatokea saa nyingi baadaye, hata siku mbili, macho yote mawili, na muwasho wa kukutoa akili. "Mwezi wa tatu mwili wako ulishatoa onyo," alisema. "Kila ukirudia, jibu linakuwa kali zaidi."

Nikauliza mbona macho, gluu haikunigusa ngozi. Akasema ngozi ya pale ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na chini yake pamelegea, maji yanajaa bila kizuizi. (Kiswahili chetu, naona, hakikujisumbua: nywele ni kope na ngozi yake ni kope. Siku ile sikuona haja ya kutofautisha, vyote viliuma.)

Nikatoa ile chupa ya matone. Aliisoma lebo, akaitupa kwenye pipa la taka bila kuniomba ruhusa. Ina steroidi, alisema, ndiyo maana watu wanaipenda, inashusha uvimbe haraka. Lakini kama jicho lina virusi au fangasi, umewafungulia mlango. Na ukizoea kujiwekea mwenyewe, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda kimyakimya na kula uoni wako bila hata kuuma. Tena ni chupa ya mtu mwingine, ya mwaka jana, wakati dawa nyingi za macho zikishafunguliwa hazitakiwi kupita wiki nne hivi.

Dawa aliyonipa mimi ilikuwa ya kawaida kabisa: setirizini, kidonge kimoja cha miligramu 10 usiku. Kikubwa, alisema, ni baridi na kuondoa gluu. Kitambaa safi, maji ya baridi, dakika kumi hadi kumi na tano, mara nne au tano kwa siku, bila kusugua. Nilalie mito miwili ili maji yashuke, maana ukilala bapa yanajikusanya machoni, na kweli asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko jioni. Hakuna wanja, hakuna poda, hakuna lenzi za macho. Nikiona ukungu, nikishindwa kuvumilia mwanga, jicho likiuma kwa ndani au nikiligeuza, likitoka usaha, au nikipata homa, nirudi hata usiku. Midomo au ulimi ukivimba, au kifua kikibana, hapo si suala la dispensari tena, ni hospitali moja kwa moja.

"Na hizi kope," akamalizia, "zitolewe na aliyeziweka, kwa dawa yake ya krimu, si ya maji, macho yakiwa yamefumbwa. Subiri kesho uvimbe upungue kidogo. Sio kwa kucha zako."

Baridi hosteli ni mtihani. Friji hatuna, maji ya bomba yanatoka yamekwishapashwa na jua. Aliyeniokoa ni mtoto anayepita na ndoo ya barafu za ubuyu jioni. Nilinunua nne, za mia mbili mbili, nikaziacha kwenye vifuko vyake, nikaviosha, nikavifunga kwenye kipande cha kanga safi kilicholowa, maana barafu tupu inaunguza ngozi. Nikalala chali na ubuyu machoni. Dakika kumi. Ule muwasho uliokuwa unapiga kama ngoma ukashuka hadi ukawa mtu anayegonga mlango wa jirani. Zikiyeyuka, mwenzangu wa kitanda cha juu anazinywa. Tulikula ubuyu mwingi wiki ile.

Alhamisi jioni uvimbe ulikuwa umeshuka, macho yote mawili yanafunguka nusu. Nikaenda vyumba vitatu.

Dada Kope alikuwa peke yake. Sijui nilitarajia nini. Alianza kwa hasira: "Bloku nzima wamejua kabla yangu. Wateja watatu wamekansel tangu jana. Mimi nimekuona darasani kama mtu mwingine." Nikamwambia sikutaka kumharibia biashara. "Sasa ndo umeijenga?" Nikaona bora niseme yote, nikamwambia kuhusu mwezi wa tatu, kuwashwa siku mbili. Akakaa kitandani. "Mwezi wa tatu? Ungeniambia mwezi wa tatu nisingekugusa tena."

Hapo sikuwa na jibu. Nilidhani namtunzia ada yake. Yeye akaona nimemnyima habari moja ambayo angeifanyia kazi.

Alifungua dirisha, akawasha feni, akanilaza. Akapaka krimu kwenye ungio la kila kishada kwa kijiti cha pamba, akasubiri, akavuta kwa kibano bila nguvu. Ilichukua karibu dakika 40. Katikati ya kazi akaanza kukohoa, nikamuuliza kikohozi hicho ni cha lini. Akasema cha muda tu, na macho yake pia huwasha siku za wateja wengi. Mimi nilivuta mvuke ule mara tatu kwa mwaka. Yeye anauvuta kila jioni, dirisha limefungwa. Nilikuwa nimefumba macho, sikumwona uso alipokuwa anasema, ila mkono wake ulisimama kidogo.

Alinirudishia 15,000 yangu. Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilipokea, bumu lilikuwa limeisha.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeondoka. Siku ya saba ngozi ya pale ilianza kubanduka kama ya mtu aliyeungua jua, nikapaka mafuta meupe ya mgando, kidogo sana, mbali na jicho lenyewe. Kope zangu za asili zilibaki chache na zisizolingana. Zilichukua kama miezi miwili kujirudi. Prizentesheni niliirudia ofisini kwa lekchara, maksi 11.

Dada Kope bado anabandika. Dirisha sasa linakaa wazi, na mvua ikinyesha hafanyi kazi. Mteja mpya anabandikwa vinyuzi viwili vitatu pembeni kwanza, anaambiwa arudi baada ya siku mbili. Anauliza kila anayerudi, "Mara iliyopita uliwashwa?" na akisikia ndiyo anamrudisha na hela yake. Wapo waliohamia kwa mwingine kwa sababu hiyo, wanaona anajidai. Alikwenda kwa daktari yuleyule kuhusu kikohozi. Walichoongea ni mambo yake.

Mimi gluu ya ukoo ule basi tena. Daktari alisema niwe nasema hata hospitalini siku nikija kushonwa, kwa sababu ipo inayotumika kufunga vidonda, na ya kucha za kubandika ni ndugu yake pia. Wiki iliyopita fundi alikuwa ananigundishia kandambili pale getini, nikajikuta nimehamia upande unakotoka upepo, yeye anashangaa.

Namba ya mama wa kafeteria bado ninayo, kwenye kile kipande cha boksi. Nilirudi kumwonyesha macho yamepona, nikaenda na Dada Kope kama shahidi, akaeleza yeye mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mama alisikiliza yote, akatuongezea chapati moja ya bure. Lakini jamaa yangu mrefu akipanga foleni, hadi leo, anapewa mfupa.